Mbwa wa Masunga Asitembezwe Sana

Dada Minza,

sasa hivi amelalia ndala yangu ya kushoto, siwezi hata kusogeza mguu. Punde tu alikuwa anamfukuza jogoo wa mama lishe wa hapa, anazunguka uwanja mzima kama kichaa, masikio yanapigapiga, wapakiaji wanacheka mpaka gunia likamponyoka mmoja. Mara akasimama. Akatazama huku na huku kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani. Akaja kwangu, akajizungusha, akajitupa juu ya ndala na kulala. Hivyo tu. Jogoo mwenyewe bado anakimbia.

Ni mtoto wa mbwa, dada. Ni wenu. Anakuja huko leo na Baba Neema, yule dereva wa lori la mchele mliyeonana naye mnadani kule Mpanda. Niko Kahama kwenye mashine ya mpunga, nimekalia gunia la pumba, naandika juu ya goti. Wamesema wakimaliza kupakia wanaondoka. Magunia bado mengi, lakini hawa watu wana nguvu, kwa hiyo naharakisha, na kuandika kwangu unakujua. Pale nilipokosea soma tu kama vile naongea.

Hamjambo lakini? Sisi huku mhola, salama tu. Mama mzima, miguu tu ndiyo inamsumbua. Baba anakohoa na anagomba, kwa hiyo naye mzima. Mimi niko Bulyanhulu, siyo kwenye mgodi mkubwa, niko huku nje kwa wachimbaji wadogo, kwenye karasha, ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nabeba viroba vya mawe kutoka kwenye pikipiki mpaka mashineni. Kelele ni kubwa, watu hawaongei, wanaonyeshana vidole. Kwa mtu kama mimi ni kazi nzuri. Toka asubuhi mpaka jioni hakuna anayeniuliza mbona umenyamaza.

Baba Neema alinipata kirahisi. Alisimamisha lori barabarani, akaja mpaka kwa mama lishe tunapokula, akauliza kwa sauti, "Jamani, nani hapa haongei?" Wote wakaninyooshea kidole. Akacheka, akasema, "Dada yako alisema nikuulizie hivyo hivyo."

Nilifurahi mpaka nikaona aibu.

Akakaa, akaagiza wali, akaanza kunipa habari zako. Akasema unanisalimia sana. Akasema umekonda kidogo lakini unacheka. Akasema yule mbwa Watasema amekufa, siyo kwa ugonjwa, kwa uzee, alilala tu pale mlangoni pa zizi hakuamka. Hapo nikainama kama naokota kitu. Mbwa yule baba alimpa jina lile kwa ajili ya majirani waliokuwa wanatusema, lakini alikuwa mbwa wetu mimi na wewe. Siku wewe na shemeji mlipohama na ng'ombe kwenda huko kusini alikufuata wewe. Nilimwita akageuka, akaniangalia, akakuangalia, akaenda. Sikumlaumu. Hata mimi ningekuwa mbwa ningeenda.

Halafu Baba Neema, mdomo umejaa wali, akasema, "Na mpwa wako naye sasa dume. Ameanza kuchunga."

Nikamuuliza ana ukubwa gani. Akanyoosha kiganja hewani, akakilinganisha na tumbo lake pale alipokaa. Nikakitazama kile kiganja. Kilikuwa chini, dada.

Akaendelea kusifia. "Jioni nimemwona anarudi nyuma ya ng'ombe. Anakaa chini, shemeji yako anamwambia inuka, dume halikai. Anainuka! Anakaa tena, anainuka! Mtoto mgumu yule."

Nikaitikia eeh. Lakini chakula kilinishinda, nikamsogezea yeye sahani.

Unaikumbuka njia ya lambo? Kiangazi kile visima vilipokauka, tunaswaga ng'ombe toka alfajiri, mbuga nzima imepasuka pasuka, na ukiona ndege inashuka upande wa uwanja wa Ibadakuli unaniambia, "Haya, ndege imefika, na sisi karibu tunafika." Uongo mtupu. Ilikuwa bado mbali. Mimi hata meno ya utoto sijang'oa. Kaka alishaondoka, baba hana mtoto mwingine wa kiume, nikapewa fimbo. Nilikuwa najiona mkubwa mpaka jua linapopanda. Baada ya hapo nilikuwa naziona kwato za ng'ombe tu na visigino vyako.

Sikuwahi kukuambia nimechoka. We ndiye uliyekuwa unajua. Ulikuwa hugeuki kuniangalia, ulikuwa unasikiliza. Miguu yangu ikianza kuburuza unasimama, unachuchumaa, unasema neno moja, "Panda." Unanifunga na kitenge, unaokota fimbo yangu unaichomeka kiunoni, tunaendelea. Na wewe mwenyewe ulikuwa mtoto. Sasa hivi nikimwona msichana wa umri ule wako wa siku zile nashangaa, mgongo ule ulinibebaje.

Tukikaribia nyumbani, pale kona kwenye ua wa minyaa ambapo baba haoni, unanishusha. Unanifuta vumbi usoni na mate yako. Unanipa fimbo. "Tembea kama mwanaume, baba anatazama." Natembea. Baba yuko kwenye kigoda chake anahesabu ng'ombe, ananiangalia naingia mbele ya zizi, anasema, "Dume hilo." Na wewe unapita nyuma na ndoo, kimya, mgongo umelowa jasho langu.

Baba mpaka leo anasema mimi nilikomaa mapema. Sijawahi kumkatalia. Hakuna anayejua isipokuwa mimi, wewe na Watasema.

Usiku miguu ilikuwa inawaka, unanipaka samli kwenye magoti, unanikanda na vidole gumba. Na mchana kwenye ngitili, ng'ombe wakitulia kwenye yale majani tuliyoyatunza, unachora kwa kijiti mavumbini. Hii ni M ya Minza. Hii ni A. Shule niliiacha mapema, lakini nilishajua kusoma toka chini ya miguu ya ng'ombe. Barua hii, dada, ni kijiti chako.

Halafu ng'ombe wa shemeji wakaja. Nyumba nzima ina vigelegele, baba anawapapasa mgongo mmoja mmoja, na mimi nimesimama mlangoni pa zizi natafuta ni wapi pa kulia. Kesho yake wewe haupo na wale ng'ombe wapo, na wa kuwachunga ni mimi. Nilikuwa nawachunga waliokuja badala yako. Kulikuwa na jike moja jeupe linapenda kubaki nyuma. Nilikuwa silipigi lile. Nilikuwa nalisubiri.

Sasa nikuambie habari za huyu.

Mama yake ni mbwa wa mama lishe wetu, mkubwa, kifua kipana, fisi hawasogei. Alipozaa, mama lishe akasema kila mtu achague. Wenzangu waligombania wale wanaobweka. Huyu alikuwa amekaa pembeni, anatazama. Nikamchukua. Watu wa karasha wakampa jina Meneja kwa sababu sisi tunabeba mawe yeye amelala kivulini. Ukipita na kiroba wanakuambia, "Polepole bwana, utamwamsha Meneja!" Au mashine ikizimika, "Meneja, tufanyeje?" Naye anafungua jicho moja, anafumba. Wanavunjika mbavu. Lakini hilo siyo jina lake. Jina atampa mwanao Masunga.

Kuna mwenzangu anaitwa Nkwabi, Msukuma mwenzetu, amekulia nyuma ya ng'ombe kama sisi. Siyo mtu mbaya. Alikuwa ananiambia kila siku, "Mbwa anakomazwa mapema, we! Ukimlea hivyo atakuwa mbwa wa kulalia ndala." Siku moja ya mapumziko yake, mimi niko kazini, akamchukua, akaenda naye kwa mjomba wake kuchunga. Toka jua linachomoza. Aliporudi jua linazama mtoto alikuwa nyuma yake, mbali kidogo, anakuja kwa miguu mitatu. Nyayo zimechubuka, mguu wa nyuma hautaki kugusa chini. Akafika kwangu, akanikalia mguu, akaanza kutetemeka mwili mzima kama aliyenyeshewa.

Nilimwangalia Nkwabi tu, si unanijua. Nkwabi akaanza kujitetea mwenyewe. "Kaka, haki ya Mungu sikumvuta. Hata kamba sikumfunga. Alifuata mwenyewe! Kila nikigeuka yupo. Nikajua ana nguvu."

Maneno yale yamenikaa kichwani mpaka leo. Nkwabi hakudanganya. Alifuata mwenyewe. Lakini hakufuata kwa sababu ana nguvu, dada. Alifuata kwa sababu hataki kuachwa. Mdogo hajui kusema nimechoka. Anachojua ni kwamba yule aliye mbele anaenda, basi na yeye anaenda, mpaka mguu ukatae.

Nilimpeleka mnadani kwa bwana mifugo nikiwa nimemuweka ndani ya shati. Akamkunja mguu, akamkunjua, akasema haujavunjika, ila mifupa ya mtoto wa mbwa bado mibichi, inakua, ukiitembeza kupita kiasi inaweza kuharibika na mbwa akawa kilema ukubwani. Akaniambia atembezwe kidogo kidogo na alale sana. Nilimsikiliza, halafu nikakaa nikamchunguza mwenyewe siku zote hizi. Kuchunguza ndiyo kazi ninayoiweza. Alipona. Sasa anakimbia kama ulivyosikia habari za jogoo.

Hapa, dada, ndipo pa kumsomea shemeji kwa sauti. Msubiri ale ashibe kwanza.

Shikamoo shemeji. Nimesikia mbwa wetu amekufa, pole sana, zizi bila mbwa ni shida. Nimekuletea mwingine. Huyu akikua atakuwa mkubwa, mama yake namjua. Lakini nakuomba kwa heshima yote, asipelekwe na ng'ombe sasa hivi. Mifupa bado mibichi. Atembezwe asubuhi jua halijawa kali, muda wa sufuria ya chai kuchemka, basi, arudi. Jioni tena hivyo hivyo. Katikati acheze mwenyewe hapo nyumbani, kwenye vumbi laini, akimbie anavyotaka na asimame anavyotaka. Anayekimbia kwa kupenda kwake anajua kusimama. Anayekimbizwa hajui. Halafu alale. Akilala mchana kutwa msione ni mvivu, ndiyo anakua hivyo. Asirukishwe kutoka kwenye mkokoteni. Asikimbizwe nyuma ya baiskeli wala pikipiki. Akikaa chini njiani, ujue amekwisha. Asivutwe, asifokewe. Abebwe. Kila mwezi muongezeeni kidogo, siyo sana. Malishoni aende mvua za mwaka ujao zikishapita, na hapo pia aanze na nusu siku.

Kuna jambo lingine shemeji. Mbwa wa umri huu anataka mtu mmoja wa kumzoea. Akifundishwa na kila mtu anakuwa hana wa kumtii. Mtu mzima hana nafasi hiyo. Naomba mtu wake awe Masunga. Yeye ndiye amtembeze ule muda wa chai, yeye ndiye akae naye kivulini amfukuzie nzi. Na Masunga akitolewa kwenda malishoni, mbwa atamfuata. Hata umfunge atakata kamba, hataki kuachwa, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ataharibika miguu na hutapata mbwa. Kwa hiyo mpaka mbwa akomae, Masunga abaki naye nyumbani. Nisamehe shemeji kwa maneno mengi. Ni kwa sababu ya mbwa.

Mwisho wa kusoma kwa sauti.

Sasa soma kimya.

Dada, mimi ni mdogo wa mke. Siwezi kumwambia mwenye mji wake namna ya kulea mtoto wake. Nikifika huko nikasema mtoto anachoka, ataniuliza mimi nani, na wazee watamuunga mkono, na mwisho aibu itakurudia wewe. Halafu shemeji siyo mkatili, ninajua. Yeye mwenyewe alipewa fimbo akiwa na kimo kile. Amekuwa dume, hakuna aliyemuona analia, basi anajua ndiyo njia. Labda na yeye alikuwa na mtu wa kumbeba. Labda hakuwa naye.

Lakini habari za mbwa mwanaume anasikiliza. Habari za mbwa na ng'ombe hata baba ananisikiliza mimi. Ndiyo maana nimempa huyu kazi ya kusema.

Nilifikiri sana. Nilitaka nimwambie Baba Neema akuambie umbebe Masunga kama ulivyonibeba. Nikaona hapana. Una mtoto mwingine mgongoni, na kuni, na maji. Mgongo ule umeshafanya kazi yake. Nikamwangalia huyu alivyonikalia mguu, nikasema, basi, huyu ndiye atamkalisha Masunga chini. Akilala, mtoto naye anakaa. Na hakuna wa kumwambia dume halikai, kwa sababu anamlinda mbwa.

Nakukumbuka sana, dada. Kuna kitu cha ajabu. Nikitaka kuuona uso wako inabidi niutafute, nianze na meno, halafu ule mkato wa kwenye nyusi. Lakini mgongo wako unakuja wenyewe. Jinsi kitenge kilivyokuwa kinanuka moshi. Jinsi ulivyokuwa unaimba huku umefunga mdomo, na mimi nausikia wimbo kwa shavu kabla ya kuusikia kwa sikio. Hapa kwenye karasha mashine ikizimwa jioni kunakuwa kimya ghafla, na hapo ndipo unaponijia. Nasimama na kiroba begani kama mjinga.

Na huyu nimemzoea. Nakuambia wewe tu. Naongea naye, dada. Mimi! Namwambia habari za mawe, habari za Nkwabi, habari zako. Anageuza kichwa hivi. Jana nilipomwambia anasafiri alinilamba kidole kile kilichopondwa na jiwe, nikamwambia acha, usinifanyie hivyo. Leo asubuhi tulipokuwa tunakuja kwenye Haisi nilimuweka ndani ya shati, tumepita Buzwagi akatoa kichwa kwenye kola kuangalia, mama mmoja akasema, "Kijana, umezaa?" Gari zima likacheka. Nikainamisha uso nikamficha, lakini na mimi nilicheka.

Wapakiaji hapa nao hawajaniacha. "Mbwa ana tiketi huyo?" "Mwambieni akae dirishani, atatapika!" Baba Neema ndiye aliwanyamazisha. Alisema, "Huyu anaenda kuanza kazi. Nyie mnaenda wapi?"

Nikipata nafasi nitakuja. Sijui lini. Nikija nataka nikute Masunga ana magoti mazima. Mwambie mjomba wake ni mrefu na haongei, lakini ataongea naye. Mfundishe M, mavumbini, huyo mbwa akiwa amelala pembeni. Wabeja sana, dada, asante. Sijawahi kukuambia. Wabeja kwa kona ile ya minyaa, kwa kunishusha kila siku ili niingie nyumbani kwa miguu yangu.

Turubai limeshatandazwa, utingo anakaza kamba. Baba Neema anapiga honi, anapiga kelele dirishani, "We usiyeongea! Sikusubiri mpaka giza, barabara ya Tabora ni mbovu!" Ameweka boksi hapo mbele karibu na kiti chake, nimetandika ndani shati langu la kazi, lile la vumbi la mawe, ili alale na harufu anayoijua. Barua hii inakwenda chini ya shati. Lazima niishie hapa, dada, maana gari linaondoka na aliyelalia ndala yangu bado hajaamka. Lori liko ng'ambo ya uwanja, siyo mbali, angeweza kutembea.

Nitambeba.

Mdogo wako wa mgongoni.